Kwanza Majina, Kisha Mawe



Juma lililopita nilipanda Sagalla kwa shughuli za ofisi, na nilipokwisha kazi yangu niliketi kitambo na wazee waliokuwa wakizungumza chini ya mti. Maneno yao yalikuwa haya: kwamba yafaa mahali petu pawe na bustani ya ukumbusho wa watu waliokwenda vitani. Mmoja alitaka ijengwe nguzo ndefu, ipate kuonekana na wasafiri wa barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Wa pili alitaka sanamu ya askari aliyeshika bunduki. Wa tatu, ambaye ni mtu wa hesabu, aliuliza kwanza fedha zitatoka wapi. Kijana mmoja akatuonyesha picha katika simu yake, bustani ya ng'ambo yenye chemchemi ya maji yarukayo juu mchana kutwa. Hapo sote tulicheka, kwa kuwa wakati ule ule akina mama walikuwa wakipita mbele yetu na madumu ya maji waliyoyatoa mbali.

Palikuwa na mzee mmoja ambaye hakusema neno muda wote huo. Tulipokuwa tukiagana alinishika mkono akaniambia: "Mwanangu, babu yangu alichukuliwa Kariakoo, wala hakurudi. Bustani hiyo ikijengwa, jina lake litaandikwa wapi, na ni nani atakayemwambia mwashi namna ya kuliandika?"

Sikuwa na jibu. Nimelifikiri swali hilo juma zima, nami nimeona ya kuwa mzee huyu peke yake ndiye aliyeanza kazi mahali ipasapo kuanzwa. Wengine wote tulianza na mawe. Yeye alianza na jina. Leo nataka kuwaeleza kwa nini naona hivyo, na jinsi kazi hiyo iwezavyo kufanywa na watu wa kawaida, wakulima na makarani, bila ya kumngojea tajiri kutoka mbali.

Kwanza na tukumbuke kwa nini jambo hili latuhusu sisi kuliko watu wengi wa Kenya. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka wa 1914, nchi yetu ilikuwa mpaka baina ya Waingereza na Wajerumani. Mwezi wa Agosti mwaka huo Wajerumani walivuka kutoka Moshi wakaitwaa Taveta. Shabaha yao ilikuwa reli ya Uganda, nayo reli hiyo hupita Voi, chini ya mlima wa Sagalla. Kwa hiyo Voi iligeuka kambi kubwa. Mwaka wa 1915 Waingereza walianza kutandika reli ya vita kutoka Voi kwenda Maktau na kuendelea magharibi, wapate kupeleka askari, chakula na maji. Tarehe 12 Februari 1916 walikishambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa, na mwezi wa Machi walipigana usiku katika vilima vya Latema na Reata kabla ya njia ya Moshi kufunguka. Kutoka hapo vita vilishuka kusini, vikazunguka Tanganyika na Msumbiji, na havikwisha mpaka Jenerali von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri mwezi wa Novemba 1918 katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Jeshi lile halikuwa na magari ya kutosha, na wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Basi mizigo ilibebwa na watu. Risasi, unga, mahema, dawa na majeruhi wenyewe, vyote vilikwenda juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, nazo ndimi zetu zikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Ndiyo asili ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Kila siku watu hununua nyanya katika masoko hayo wasijue ya kuwa wanalitaja jina la kikosi cha wafu.

Wafu hao walikuwa wangapi? Hesabu za serikali ya wakati ule zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa. Wanahistoria waliozipima hesabu hizo baadaye wameziona kuwa pungufu sana, na wako wanaokadiria karibu 100,000 kwa nchi zote zilizotoa wapagazi kwa upande wa Waingereza. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na chakula kisichopikwa kikaiva. Walizikwa kando ya njia, nao waliokuwa hai wakajitwika tena mizigo wakaendelea.

Sasa nisikilizeni vema, kwani hapa ndipo penye fundisho. Mwaka wa 1917, vita vikiwa bado vinaendelea, Waingereza waliunda halmashauri ya kutunza makaburi ya vita, ambayo leo huitwa Halmashauri ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kanuni yake ilikuwa njema: kila aliyekufa aandikwe jina lake juu ya jiwe, bila ya kubagua cheo, kabila wala dini. Walakini katika Afrika ya Mashariki kanuni hiyo haikufuatwa kwa watu weusi. Katika miaka ya 1920 wakubwa wa kazi hiyo waliona ya kuwa mpagazi Mwafrika hana haja ya jiwe lenye jina, na kwamba sanamu moja yatosha kwa wote. Ndipo zikasimamishwa sanamu za shaba, moja Dar es Salaam mwaka wa 1927, na zile za Nairobi mwaka wa 1928, katika njia ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Ni kazi nzuri ya mikono, na mpagazi amewekwa pale pamoja na askari. Lakini ukizunguka sanamu zile mara 10, hutaona jina la mpagazi hata mmoja.

Mwaka wa 2021 halmashauri hiyo hiyo ilitoa taarifa ya uchunguzi wake, ikakiri kosa na kuomba radhi. Taarifa ilisema ya kuwa watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ndugu zangu, kuomba radhi ni jambo la uungwana; walakini radhi haiwezi kulirudisha jina ambalo hakuna aliyeliandika. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nami naongeza, kwa adabu, ya kuwa hata watu huisha hivyo.

Kwa hiyo nawaambia wazee wa Sagalla: tukijenga leo nguzo ndefu isiyo na majina, tutakuwa tumelirudia kosa la mwaka wa 1928, tena sisi hatutakuwa na udhuru, maana waliokufa ni babu zetu.

Pengine mtu atasema ya kuwa kuwakumbuka wafu kwa jina na kwa mahali maalumu ni desturi ya Wazungu. Sivyo. Wataita wa zamani walikuwa na mapango yao katika miamba ambamo mafuvu ya wazee yaliwekwa kwa mpango wa ukoo. Mwenye nyumba alijua babu yake yuko wapi, na shida ilipotokea alijua pa kwenda. Mafundisho ya dini yaliiondoa desturi hiyo, wala sisemi irudishwe. Nataka tuone tu ya kuwa babu zetu hawakuridhika kusema "wafu wetu" kwa ujumla. Mpagazi aliyezikwa kando ya Mto Rufiji hakuweza kuletwa katika pango la ukoo wake. Nafasi yake ilibaki tupu. Bustani yetu, ikiwa itajengwa, kazi yake ya kwanza ni kuijaza nafasi hiyo.

Basi majina yatapatikanaje? Hii ni kazi ya daftari, nayo yahitaji subira kuliko fedha. Nashauri kila kijiji, Teri, Kajire, Mwakoma, Kirumbi na vinginevyo, kichague watu watatu: mzee mmoja ajuaye koo, mama mmoja, na kijana mmoja mwenye mwandiko safi. Msimwache mama nje, kwani mara nyingi ndiye azijuaye habari za nyumba. Wanaume walipochukuliwa ni wanawake waliolima na kulea peke yao, na ni wao walioikabili njaa ya mwaka wa 1918 na homa kuu iliyoifuata.

Daftari iwe na nafasi hizi: jina kamili kama linavyotamkwa nyumbani, jina la baba, ukoo, kijiji, vita alivyokwenda, kazi yake, kama ni askari, mpagazi, mpishi au dereva, kama alirudi au hakurudi, na mwisho jina la mtu aliyetoa habari pamoja na tarehe. Jina lisikubaliwe mpaka lishuhudiwe na watu wawili wa nyumba mbalimbali. Kisha ziko karatasi za kutazamwa: vitabu vya ubatizo, kwa kuwa misheni ilifika Sagalla tangu mwaka wa 1883 alipokuja Bwana Wray, hati za Nyaraka za Taifa kule Nairobi, orodha za Halmashauri ya Makaburi, na yale makopo ya zamani chini ya vitanda ambamo mna vyeti vya jeshi na medali. Medali za vita vya kwanza aghalabu zimechorwa jina na namba katika ukingo wake. Msizisugue kwa mchanga, mtaifuta habari mnayoitafuta.

Angalieni sana tahajia. Makarani wa wakati ule wengi walikuwa wageni, nazo sauti za Kitaita ziliwashinda. Jina kama Mghanga laweza kuwa limeandikwa Manga katika karatasi moja na Muganga katika nyingine, na mtafutaji akadhani ni watu watatu. Kosa la namna hii halikuwa dogo. Vita vilipokwisha mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba wenyewe hawakuweza kutambulikana. Herufi moja ilipopotea, fedha za mjane zilipotea nayo. Orodha ikiisha kukusanywa, na isomwe kwa sauti katika baraza, kisha ibandikwe miezi mitatu katika ofisi ya chifu, kanisani, msikitini na dukani, ili kila mtu apate nafasi ya kusahihisha kabla ya patasi kugusa jiwe.

Swali la pili litakuwa gumu zaidi: nani aandikwe? Maoni yangu ni haya. Ukutani waandikwe waliokufa katika utumishi. Walioishi wakarudi waandikwe katika kitabu kitakachowekwa ofisini na nakala yake shuleni. Wasiwe wa vita vya kwanza tu. Katika Vita ya Pili watu wa Afrika ya Mashariki walipigana Uhabeshi, wakaenda Madagaska mwaka wa 1942, na Burma mwaka wa 1944. Wako waliozama baharini tarehe 12 Februari 1944, meli iitwayo Khedive Ismail ilipopigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Watu karibu 1,300 walikufa, na miongoni mwao walikuwa mamia ya wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki. Tena wako vijana wa Kenya huru waliokufa Somalia tangu mwaka wa 2011. Mama aliyempoteza mwana wake juzi asiambiwe ya kuwa bustani hii ni ya wafu wa zamani tu.

Nami nawasihi msiwasahau majirani zetu wa Kasigau. Mwaka wa 1915, baada ya Wajerumani kuishambulia kambi ya huko, serikali iliwashuku wenyeji kwamba waliwasaidia adui, ikawahamisha mpaka Malindi. Wengi walikufa ugenini kwa maradhi na taabu, na waliosalia hawakurudi kukaa mlimani kwao ila baada ya miaka mingi. Hawakuwa askari wala wapagazi, lakini vita viliwaua vilevile. Jiwe moja kwa ajili yao, likiwekwa kwa shauri la wenyewe, litaifanya bustani yetu kuwa ya kweli.

Na maneno ya juu ya ukuta yawe ya kweli pia. Mwaka wa 1915 ilitungwa sheria ya kuwalazimisha watu kuwa wapagazi, na mwaka wa 1917 msako ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Ikiwa mtu alikamatwa usiku nyumbani mwake, si haki kuandika juu ya jiwe kwamba alijitolea. Iandikwe "walikwenda" au "walichukuliwa", na mjukuu asomapo asidanganywe.

Sasa tuje kwenye ujenzi, maana najua mlikuwa mkiungojea. Mkiisha kuwa na majina, hesabu ya ukuta hujifanya yenyewe. Tuseme mmepata majina 200. Herufi za urefu wa sentimita 3 husomwa na mzee bila taabu, na kwa kila mstari tuhesabu sentimita 5. Ukuta wenye nafasi ya maandishi ya mita 1 na nusu kwenda juu utachukua majina 30 katika safu moja. Kila safu ikiwa na upana wa nusu mita, majina 200 yatahitaji safu 7, yaani mita 3 na nusu. Ongezeni safu 3 zisizo na maandishi, kwa maana majina mengine yatakuja baada ya sherehe. Hivyo ukuta mzima ni mita 5 tu. Mnaona? Kazi iliyoonekana kuwa ya mamilioni imekuwa kazi ya waashi wawili wa kwetu.

Ukuta wenyewe ujengwe kwa mawe ya mlima wetu. Lakini mawe hayo ni magumu na yana chembe kubwa, hayapokei herufi ndogo vizuri. Kwa hiyo majina yachongwe katika mabamba ya jiwe laini lililosuguliwa, kisha yapachikwe ukutani. Bamba likiwa na kosa laweza kubadilishwa bila kuvunja ukuta. Rangi msitumie, jua la Voi litaifuta kwa miaka michache. Shaba na chuma msitumie vilevile, wezi wataving'oa wakauze. Mtakumbuka ya kuwa mwaka wa 2022 Serikali ya Kenya ililazimika kuisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu, kwa sababu watu walikuwa wakibomoa hata nguzo kubwa za umeme.

Mahali pachaguliwe kwa hati wala si kwa maneno matupu. Ikiwa ni ardhi ya jamii, fuateni Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016, na mkutano uandike kumbukumbu zake. Ikiwa mahali pana makaburi ya zamani, pango au handaki la vita, msichimbe kabla ya kuwauliza watu wa Makumbusho ya Taifa, kwani vitu hivyo vinalindwa na sheria ya mwaka wa 2006. Ukumbusho uliojengwa juu ya shamba lenye ugomvi utazaa kesi, na kesi itazaa makaburi mapya.

Sasa habari ya miti na maji. Bustani bila kivuli hapa kwetu ni uwanja wa adhabu. Pandeni miti ya nchi hii, mikwaju na migunga katika sehemu za chini, na mmoja au wawili ya mibuyu kwa ajili ya wajukuu wa wajukuu. Mikaratusi iacheni, inakunywa maji kupita haki yake. Chemchemi ya kijana yule hatuiwezi, lakini maji ya mvua tunayaweza. Voi hupata karibu milimita 500 za mvua kwa mwaka wa kawaida. Banda la mapumziko lenye paa la mita za mraba 60 litapokea lita 30,000. Ukiondoa zitakazomwagika, zitabaki kama 24,000. Miche 40, kila mmoja ukipewa lita 20 kwa juma, itakunywa lita 800. Maji hayo yatatosha majuma 30, nayo yatosha kuivusha miche kiangazi.

Mtasema, na ndovu je? Swali hilo hawezi kuliuliza mtu wa Nairobi, lakini mtu wa Sagalla atalilalia macho. Ndovu akisikia harufu ya maji atalivunja tangi kama mtoto avunjavyo yai. Walakini dawa mnayo ninyi wenyewe. Tangu mwaka wa 2009 hapa Sagalla wakulima wamefundishwa kuzungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki, mizinga ikitundikwa kila baada ya mita 10 na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hugeuka. Uzio haumzuii kila ndovu, hasa wakati wa ukame nyuki wanapohama, lakini huwazuia wengi. Bustani ikiwekewa uzio huo, asali yake iuzwe, na fedha ziingie katika daftari ya matengenezo. Sijui ukumbusho mwingine unaoweza kujilisha namna hiyo.

Nimetaja matengenezo kwa makusudi. Sisi ni hodari wa kufungua vitu. Tunakata utepe, tunakula wali, tunapiga picha, na baada ya miaka mitatu mbuzi wanalala juu ya jiwe la msingi. Kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, andikeni ni nani atakayefagia, nani atakayemwagilia, na nani atakayekagua hesabu. Shule za jirani zipewe kila moja safu yake ya ukuta, watoto waisafishe na kuyajua majina yaliyomo. Ziko siku mbili zifaazo kukusanyika. Tarehe 12 Februari ni siku ya Salaita na tena ni siku ya meli ile, mwaka wa 1916 na mwaka wa 1944. Hiyo iwe siku ya kuyasoma majina kwa sauti. Na mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikianza, ulimwengu ukikumbuka kwisha kwa vita vya kwanza, iwe siku ya kupanda miti.

Wala msidhani ya kuwa jambo hili halijapata kufanyika. Mwezi wa Januari 2025 ulifunguliwa ukumbusho katika bustani ya kale ya mji wa Cape Town, kwa ajili ya watu weusi wa Afrika ya Kusini zaidi ya 1,700 waliofanya kazi ya jeshi wakafa Afrika wakati wa vita vya kwanza bila ya kuwa na kaburi linalojulikana. Kila mmoja amewekewa nguzo yake ya mti mgumu wa Afrika, na jina lake limechorwa juu yake. Kazi ile iliwezekana kwa sababu moja: orodha za majina zilipatikana katika makaratasi ya zamani. Orodha ilitangulia, na fundi akafuata. Laiti isingalikuwapo orodha, wangalisimamisha sanamu nyingine isiyo na jina, wakaenda zao.

Sisi watu wa Taita Taveta hatuna hakika ya kupata orodha iliyo kamili namna hiyo. Nyingi ya karatasi zetu ni watu, nao ni wazee, na kila mwaka tunazika kurasa kadhaa. Fedha za mawe zaweza kungoja miaka 10. Mzee wa miaka 85 hawezi kungojewa.

Nilirudi kwa yule mzee siku ya Jumamosi. Sikumpelekea ramani wala ahadi. Nilimpelekea daftari ya kurasa 96 niliyoinunua Voi. Nikamwomba anitajie jina la babu yake, la baba wa babu, na la ukoo. Nikaandika, kisha nikamsomea. Akatikisa kichwa, akaniambia nimekosea herufi moja. Nikaifuta, nikaandika tena, nikamsomea mara ya pili, naye akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Ndiye."

Ukurasa wa kwanza umejaa mstari mmoja. Nani atautoa wa pili?

Kwa herini mpaka juma lijalo.